Upepo wa Tairi la Mbele

Nilianza kufikiria matairi ya baiskeli nikiwa nimesimama nyuma ya ng'ombe wa Kaluki, mkono wangu wa kushoto ukiwa ndani yake hadi kwenye kiwiko, na vidole vyangu havijui vimeshika nini.

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya fahali iliyogandishwa. Mkulima akiona ng'ombe wake ameshikwa na joto ananipigia simu, nami nafunga mtungi wa naitrojeni kwenye keria na kwenda. Mkono wa kushoto, ukiwa kwenye glavu ndefu, huingia kwa njia ya haja kubwa na kuitafuta shingo ya kizazi kupitia ukuta laini wa utumbo. Mkono wa kulia huongoza mrija mwembamba kwa njia ya chini. Macho hayana kazi hapo. Mimi hutazama paa la zizi, au mawingu kama zizi halina paa. Kila ninachohitaji kujua naambiwa na vidole.

Siku hiyo kule Mitaboni, kidole kidogo cha mkono wa kushoto na kile kinachokifuata vilikuwa vimekufa ganzi, na ganzi ilikuwa imefika katikati ya kiganja. Nilijua shingo ya kizazi iko pale kwa sababu miaka ishirini na sita imenifundisha mahali pake, lakini sikuihisi. Mrija ulipaswa kupita vikunjo vitatu au vinne. Nilihisi kimoja, labda viwili. Nikasubiri kidogo, kisha nikaiachilia mbegu pale nilipodhani panafaa.

"Leo umekaa sana huko ndani," Kaluki akasema. Alikuwa amemshika Rozi, ng'ombe wake wa pekee, kwa kamba fupi. "Umepotea njia?"

"Mwaitu, mama yangu, sitaki kukudanganya. Vidole vyangu vimelala. Nimeweka, lakini sina hakika kama nimeweka mahali pake."

"Sasa umeweka wapi, Daktari? Kwa mkojo?"

"Inawezekana."

"Aiya!" Akaachilia kamba. "Wiki tatu zilizopita uliniambia uko na hakika, na Rozi akarudi kwa joto. Leo hata hakika yenyewe huna. Heri ile ya kwanza, angalau nililala."

Kaluki ni mjane wa miaka sitini na kitu, na maziwa ya Rozi ndiyo yaliyokuwa yakiiendesha nyumba yake. Sasa yalikuwa yakipungua kila wiki, na bila ndama yangekauka kabisa.

"Ndunda ako na fahali hapo ng'ambo," akaniambia nikinawa. "Hana glavu na hana mtungi, lakini njia anaijua. Mara hii ikikataa, ya tatu ni yake."

Alisema akicheka, lakini nyumba tatu za upande huo zilikuwa tayari zimemwendea Ndunda tangu Krismasi. Niliporudi nyumbani jioni niliandika tarehe kwenye daftari langu, na mbele yake nikaandika: mkono.

Nina ugonjwa wa sukari. Miaka mitano iliyopita muuguzi wa kliniki aliniambia niache kukaa juu ya pikipiki kama gunia na nitafute kazi ya miguu. Nikauza pikipiki, nikanunua kwa Rashid, fundi wa baiskeli mjini Machakos, baiskeli kuukuu ya mashindano, ile aina yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Ni ya chuma chembamba, imemzidi umri binti yangu Mbithe, na haina hata kutu chini ya rangi. Rashid aliichomelea keria ya kubeba mtungi. Wakulima walicheka mwaka mzima, kisha wakazoea. Sukari yangu ilishuka na ikabaki chini.

Kwa hiyo nilipomwambia muuguzi habari ya ganzi, niliogopa jibu lake kabla hajalitoa.

"Sukari hula mishipa," akasema. "Lakini mara nyingi huanzia miguuni. Miguu je?"

"Miguu iko sawa."

Akanichoma nyayo kwa ncha ya kalamu, nikaruka. Akaandika kitu. "Inaweza kuwa sukari. Inaweza kuwa kitu kingine kinachobana mkono. Chunguza ni lini inakuja na ni lini inaondoka. Lakini mzee, kama ni sukari, hiyo kazi ya kushikashika ndani ya ng'ombe itabidi uiache. Mishipa ikishakufa haifufuki."

Nilitembea hadi nilipoiegemeza baiskeli, nikaitazama. Kama ganzi ilikuwa ya sukari, kazi yangu ilikuwa imekwisha, na baiskeli ndiyo ingebaki, maana bila hiyo sukari ingepanda. Kama ilikuwa ya baiskeli, labda kulikuwa na cha kufanya. Sikutaka kuchagua jibu kwa sababu tu lilinipendeza.

Mke wangu Kamene ndiye aliyebuni kipimo. Alitia kwenye mfuko wa kitambaa punje kumi: mahindi, maharagwe, kunde na mbaazi, kila mara kwa idadi tofauti. Mimi nilitakiwa kuingiza mkono wa kushoto, kushika punje moja moja kwa kidole kidogo na jirani yake dhidi ya kiganja, na kuitaja kabla ya kuitoa.

"Kunde," nikasema mara ya kwanza.

Akaitazama. "Hili ni haragwe, Baba Mbithe. Na ni kubwa hata kuku angelijua."

Kwa wiki mbili nilipima kila asubuhi kabla ya kutoka na kila niliporudi. Asubuhi nilipata nane, mara nyingine tisa. Nikirudi kutoka safari ya Mitaboni nilipata nne au tatu. Siku moja nilienda kwa miguu hadi kwa mkulima wa karibu na kurudi, nikapata nane. Basi baiskeli ilikuwa na mkono katika jambo hili. Lakini zile mbili nilizozikosa hata asubuhi, mwili ukiwa umepumzika usiku kucha, hizo zilinisumbua. Hizo zingeweza kuwa sukari.

Nikaanza kuitazama barabara kwa makini niliyokuwa nayo kwa ng'ombe tu. Lami yetu si laini. Kokoto zake zimesimama wazi, na kila moja hupita kwenye tairi, ikapanda foki, ikaingia kwenye usukani na kutua kiganjani. Mwendo wa saa moja na nusu ni kokoto nyingi. Matairi yangu yalikuwa membamba kama kidole gumba, milimita ishirini na tatu, yaleyale yaliyokuja na baiskeli. Kabla ya kumlaumu yeyote, nilipaswa kubadilisha kitu kimoja na kupima.

Rashid ana kibanda nyuma ya soko. Matairi yananing'inia darini kama nyama kwenye bucha, na ukitaka moja humwambii namba, unaonyesha kwa kidole naye analiteremsha kwa fimbo yenye ndoano. Alikuwa akijaza upepo tairi la baiskeli ya mchuuzi wa maji, ile nyeusi ya chuma kizito. Alipomaliza alilibonyeza kwa kidole gumba, akalipiga kofi, akaridhika.

"Daktari wa ng'ombe!" akasema. "Habari ya wake zako?"

"Wanakusalimu. Rashid, nataka matairi ya starehe."

"Ya nini?"

"Ya starehe. Baiskeli inanitetemesha mikono."

Alinitazama kama nimemwomba mto wa kulalia. "Bwana Kiema, hii ni baiskeli ya mbio. Uliponunua nilikwambia, hii inaenda kama risasi. Risasi haina starehe."

"Sasa mimi nimezeeka, na risasi pia."

Akacheka, akaenda kutafuta. La kwanza alilolileta lilikuwa nene na zito, raba yake kama ya soli ya viatu vya askari. "Hili haliingii mwiba. Miiba ya mgunga yote ya Ukambani, hata uikusanye."

Nililishika kwa mikono miwili nikajaribu kulikunja. Lilikuwa gumu hata bila upepo ndani yake. Nikafikiri kwamba kitu kisichokunjika mikononi mwangu hakitakunjika juu ya kokoto. Nikaliweka kando bila kulisema vibaya.

La pili lilikuwa pana, milimita thelathini na tano, na nililipenda. Tulilivalisha gurudumu la mbele. Lakini nilikuwa nimekuja na msumari wa inchi nne mfukoni. Nilikuwa nimejiwekea sheria nyumbani: msumari ule upite kati ya tairi na foki, juu na pande zote mbili, bila kugusa. Barabara ya kwetu ina udongo wa mfinyanzi mvua ikinyesha, na udongo ukishika hapo katikati gurudumu husimama ghafla. Msumari ulikwama juu, chini ya breki.

"Huo msumari ni wa nini? Unataka kujenga?" Rashid akauliza.

"Ni wa kupimia."

"Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini na sijawahi kupima kwa msumari."

"Wewe una jicho. Mimi sina."

Hilo lilimpendeza. Akateremsha mengine mawili, yote ya milimita thelathini na mbili. Moja lilikuwa na mgongo mnene. La pili, la mitumba, lilikuwa na mashavu membamba ya rangi ya ugoro, na nyuzi zake zilionekana kwa mbali kama za kitambaa kizuri. Nililibana kati ya vidole na kidole gumba, mashavu yakagusana bila ubishi. Msumari ulipita kwenye yote mawili, kwa shida kidogo upande wa kulia wa foki, lakini ulipita.

"Hili jembamba litakutesa kwa pancha," Rashid akanionya. "Nakwambia kama ndugu. Siku moja utakaa kando ya barabara ukiniapiza."

Nilikaa kwenye kreti yake nikafikiri. Mtungi uko nyuma, na uzito wangu mwingi uko nyuma. Mikono iko mbele.

"Weka hili nene nyuma," nikasema, "na hili la ugoro mbele."

"Viatu viwili tofauti?"

"Miguu yenyewe inafanya kazi tofauti."

Alitikisa kichwa, lakini alifanya kazi safi, kama kawaida yake. Alinibadilishia na tyubu. Mwishoni akashika pampu yake ndefu akajaza upepo, akibonyeza kwa kidole gumba baada ya kila pampu chache, hadi kidole hakikuacha hata dalili. Kwake hiyo ni heshima. Hapa kwetu baiskeli hubeba mitungi ya maji, magunia ya mkaa, mama na watoto wawili, na fundi anayekuachilia uondoke na tairi laini amekudharau. Nilimshukuru, nikapanda.

Nilienda moja kwa moja kwa mkulima wa Kathiani, nikarudi mchana. Njiani nilijiambia kuna nafuu. Nilitaka sana iwepo. Kamene akaleta mfuko.

"Mahindi."

"Mbaazi."

"Kunde."

"Haragwe, mzee wangu." Sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Nilipata nne.

Kesho yake nilirudia safari ileile. Nne. Siku ya tatu, tano. Nikaandika zote. Nilikuwa nimebadilisha kitu kimoja, nimepima, na jibu lilikuwa limekuja: haikuwa matairi. Basi ni sukari iliyokwisha kula mishipa, na baiskeli inaiamsha tu. Asubuhi nilimwambia Kamene kwamba nitampigia Musyoka, kijana wa Kathiani aliyesomea kazi hii na ana pikipiki, aje achukue mtungi na orodha ya wakulima wangu.

"Utampa na Kaluki?"

"Nitampa wote."

"Kaluki atamla mbichi."

"Atajifunza."

Kamene aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Muuguzi alikwambia uchunguze ni lini inakuja na ni lini inaondoka. Hakukwambia uchunguze siku tatu."

Nilitoka nje nikitaka kumpigia Musyoka mbali na masikio ya Kamene. Hapakuwa na mvua kwa wiki kadhaa, na mbele ya lango letu vumbi lilikuwa jembamba kama unga. Alama za baiskeli zilikuwa hapo, za kwenda na kurudi. Chini ya mbuyu ulio karibu na bomba la maji, pale upepo haufiki, zilikuwepo bado za wiki iliyopita, za matairi ya zamani. Nilisimama na simu mkononi. Kisha nikachuchumaa.

Alama ya tairi jipya la mbele ilikuwa nyembamba sawa na ya lile kuukuu. Nikaweka kidole juu ya moja, kisha juu ya nyingine. Upana ni uleule. Tairi lilikuwa limenenepa kwa karibu nusu, lakini ardhi lilikuwa likiigusa kwa ukucha tu, kama kwanza.

Nilienda kwenye baiskeli nikalibonyeza kwa kidole gumba, kama afanyavyo Rashid, kama nifanyavyo mimi, kama alivyofanya baba yangu. Jiwe. Na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kidole gumba kinajua nini. Kidole hakina uzito wangu. Hakijui kokoto. Kinachoweza kusema ni kwamba tairi limeshinda kidole. Kama ningemgusa ng'ombe hivyo, kwa nguvu, nikitafuta kile kinachonikataa, nisingejua chochote kilichomo ndani yake. Nikakumbuka pia kwamba mimi sibebi maji. Mtungi wangu wote hauzidi uzito wa debe dogo, na uko nyuma.

Simu nikairudisha mfukoni.

Nilifungua kichwa cha valvu, nikakibonyeza, nikahesabu hadi tatu. Nikapanda, nikapita kwenye vumbi, nikashuka, nikatazama. Nikatoa tena. Mara ya tano alama ilianza kutanuka. Mara ya saba ilikuwa karibu vidole viwili, na kingo zake zilikuwa laini. Hapo nikaogopa kuzidisha, nikapita makusudi juu ya jiwe la mlangoni kwa kasi. Rimu haikugonga. Nikatoa kidogo tena, nikapita, nikasikia mgongo wa rimu ukigusa, tak. Basi nikarudisha pampu tatu, nikaandika. La nyuma nililipunguzia kidogo tu, mtungi ukiwa umefungwa.

Kamene alikuwa amesimama mlangoni na ungo. "Unacheza?"

"Napima."

"Lango lote umelichora kama shule ya chekechea."

Nilienda Kathiani na kurudi, safari ileile ya siku tatu zilizopita. Lami ilikuwa ileile, na nilisikia kokoto zake, lakini zilikuwa zikizungumza kwa sauti ya chini, kama watu wa chumba cha pili. Kwenye mfuko nilipata saba. Wiki ya pili nilipata nane nikirudi, na asubuhi tisa. Wiki ya nne asubuhi nilipata kumi, Kamene akaumwaga mfuko mezani na kuzihesabu upya kwa sababu hakuamini. Nilipata pancha mbili kwenye lile la mbele, za miiba ya mgunga, na kando ya barabara nilimkumbuka Rashid kama alivyosema ningemkumbuka.

Nilipopita kwake alilibonyeza tairi la mbele kwa kidole akashtuka. "Nani amekufanyia hivi?"

"Mimi."

"Bwana Kiema! Watu watasema umetoka kwangu hivi?" Tayari alikuwa ameshika pampu.

"Rashid, iache. Tafadhali."

Aliiacha, lakini alinisindikiza kwa macho hadi nikapotea kwenye kona, na sidhani alikuwa akiniombea.

Sikuwa nimesema neno kwa Kaluki. Rozi hakurudi kwa joto siku ya ishirini na moja, nami sikutaka kufurahi mapema. Halafu wiki ya saba tangu nilipomwekea mbegu, asubuhi, simu yangu ililia.

"Daktari, njoo. Rozi amepiga kelele tangu alfajiri, na amempanda mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi! Maskini karibu avunjike. Njoo kabla sijamwita Ndunda."

Nilifika Mitaboni kabla ya saa tano. Rozi alikuwa amefungwa, mkia ukirukaruka. Kaluki alikuwa ameshaleta maji na sabuni. Nilitayarisha mbegu, nikaiweka tayari kwenye mrija, kisha nikavaa glavu. Kwa desturi yangu sipitishi mrija kabla mkono haujazunguka kwanza.

Mkono ukaingia. Nilitazama mawingu.

Shingo ya kizazi ilikuwa pale, na niliihisi yote, ngumu na imefunga, si kama inavyolegea ng'ombe akiwa kwenye joto. Hilo lilinisimamisha. Nikaenda mbele zaidi. Kizazi kina pembe mbili, kama usukani wangu, na kwa ng'ombe mtupu zinalingana. Pembe ya kushoto ilikuwa nyembamba. Ya kulia ilikuwa imejaa kidogo, laini, kama kitu chenye maji ndani yake. Nikaibeba kwa vidole viwili vya mwisho, vilevile vilivyokuwa vimekufa, na nikaibana polepole kwa kidole gumba na cha shahada. Kitu chembamba sana kilichomoka katikati, kama utando wa maziwa juu ya chai, kikateleza na kwenda zake.

Nilisimama. Nikairudia mara moja tu, kwa upole, kwa sababu kuubana utando wa mimba mara nyingi ni hatari. Kikateleza tena.

"Umepotea tena?" Kaluki akauliza.

Nilifikiria. Ng'ombe mwenye mimba anaweza kuonyesha joto. Si wengi, lakini nimewaona wachache. Nikipitisha mrija kwenye shingo ile na kuna ndama nyuma yake, nitakuwa nimemuua. Nisipopitisha na vidole vyangu vinanidanganya, Kaluki atapoteza wiki tatu nyingine, na maziwa, na mimi sitarudi katika boma hilo. Miezi miwili tu iliyopita vidole hivihivi havikuweza kutofautisha haragwe na kunde.

Nikautoa mkono.

"Mwaitu, siweki."

"Huweki nini?"

"Mbegu. Rozi ana mimba."

Alinitazama, akamtazama Rozi, akamtazama mbuzi aliyekuwa amejificha nyuma ya ghala. "Ana mimba na anampanda mbuzi?"

"Hutokea."

"Mimba ya nani?"

"Ya ile siku niliyokwambia sina hakika."

"Ile ya mkojo!"

"Ile."

Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. "Daktari, nisikilize. Siku ile ulihisi kidogo ukaweka. Leo unahisi sana unakataa. Mimi nishike lipi? Weka tu. Kama iko, iko. Kama haiko, tumepata."

"Nikiweka na iko, haitakuwepo kesho."

"Na kama haiko?"

"Utamwita Ndunda, na mimi mwenyewe nitamshika Rozi kamba."

Rozi alipiga kelele tena, na Kaluki akamwambia kwa Kikamba anyamaze, akimwita mwanamke asiye na haya. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Hiyo mikono imepona kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimweleza badala yake: punje kumi, wiki ngapi, tairi, upepo, alama kwenye vumbi. Nilimwambia kwamba asubuhi hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, nilipata kumi, na kwamba sikupima baada ya kufika kwake.

Aliingia nyumbani akatoka na sinia ya kuchambulia nafaka. Akachota kwa mkono, akafunga kitu kwenye ncha ya leso yake, akaisogeza mbele yangu. "Fumba macho."

Nilikuwa nimevua glavu na kunawa. Nikaingiza mkono wa kushoto kwenye leso.

"Mbaazi," nikasema. "Mbaazi. Hindi. Hii ni mbaazi imetobolewa na dumuzi. Hili ni jiwe."

Kaluki akaichukua leso, akaifungua, akatazama. Akalitupa lile jiwe kwa kuku.

"Toa mtungi wako hapa," akasema. "Utamtisha Rozi."

Mbegu niliyokuwa nimeiyeyusha iliharibika, maana haigandishwi tena. Niliimwaga njiani.

Rozi alinyamaza kesho yake. Wiki tatu zilipita, na sikupigiwa simu, wala sikupiga. Siku ya ishirini na nne nilikuwa na kazi upande huo, nikapita. Fahali wa Ndunda alikuwa akila majani ng'ambo, na sikuona nyayo zake kwenye lango la Kaluki, ingawa nakiri nilitazama.

Kaluki alikuwa ameshamfunga Rozi, kana kwamba alinisikia nikipanda kilima.

Mkono ukaingia. Haikuhitaji tena utando wala kubana. Pembe ya kulia ilikuwa imenenepa na kushuka, imelala mkononi mwangu kwa uzito wake yenyewe, na nilipoipiga kidogo maji yaliyomo yalinipiga nyuma. Niliiacha ikae hapo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Sema," Kaluki akasema.

"Yupo. Atazaliwa mwishoni mwa mwaka."

Hakupiga kigelegele. Aliinamia birika akanimiminia maji mikononi, polepole, yakiwa ya moto karibu ya kuchoma, akinitazama vidole kama mtu anayekagua vijiko alivyoazimisha.

"Jike au dume?" akauliza.

"Hilo, Mwaitu, hii mikono haijafika huko."

"Basi endelea kujifundisha," akasema, akanipa taulo.